Kila tanki na hesabu yake

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, taa za ndani ya gari zikiwa bado zinawaka na vikombe vikigongana kabatini. Mke wangu alikuwa na daftari dogo mapajani. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameshaupiga mistari: kilomita, lita, mwendo, upepo. Safari iliyotangulia tuligeuza siku mbili kabla ya kufika tulikokusudia kwa sababu hela ya mafuta ilikwisha njiani, na jambo hilo lilituuma sote wawili. Safari hii tulitaka kufika baharini, na tulitaka kujua mafuta yanakwenda wapi.

Gari letu ni nyumba kamili juu ya magurudumu: kitanda, jiko, choo, tanki la maji. Urefu ni mita 7, kimo kinakaribia mita 3. Injini ni dizeli ya lita 2.3 yenye tabo, yaani feni inayosukuma hewa ndani ya injini, gia sita za mkono. Si gari bovu. Lakini lilikuwa linakula mafuta kuliko nilivyoona inastahili, na kila niliyemuuliza alikuwa na dawa yake, hakuna aliyekuwa na kipimo.

Kwa hiyo tulianza na kipimo. Unajaza tanki mpaka bomba la pampu likate lenyewe mara ya kwanza, hapo hapo unaacha, huongezi hata tone. Unaandika kilomita. Ukienda kujaza tena unafanya vilevile, gari likiwa limesimama mahali tambarare, maana likiinama upande mmoja tanki linadanganya kwa lita kadhaa. Lita ulizojaza unazidisha kwa 100, unagawa kwa kilomita ulizotembea. Basi. Kompyuta ya kwenye dashibodi inasaidia, lakini wa kuaminiwa ni pampu.

Siku ya kwanza niliendesha kama nilivyozoea. Barabara ilikuwa nzuri, uwanda wa juu, nyasi ndefu pande zote mbili, na mshale ukakaa kwenye 105 karibu siku nzima. Jioni tukajaza lita 61.4 kwa kilomita 412.

"Baba Asha, ni kumi na nne nukta tisa," mke wangu alisema.

"Hebu rudia, Mama Asha."

Akarudia. Lita 14.9 kwa kila kilomita 100. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango nikilitazama gari kwa mbele, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nililiona lilivyo: ukuta. Upana wa mita mbili na zaidi, kimo cha mita tatu, na kila mita tunayosogea ukuta huo unasukuma hewa pembeni. Hewa haisukumwi bure. Ukiongeza mwendo, nguvu inayokuzuia haipandi kwa kiasi kilekile, inapanda kwa mraba wake. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100 umeongeza mwendo kwa asilimia 25, lakini hewa inakuzuia kwa asilimia 56 zaidi. Gari dogo la chini linaweza kuusamehe mguu mzito. Ukuta hausamehi.

Asubuhi ya pili tulipita kwenye mizani. Kibao kikaonyesha kilo 3,640. Gari letu haliruhusiwi kuzidi 3,500. Nilishtuka, kwa sababu sikuwahi kujiona mtu wa kubeba vitu vingi. Lakini tulikuwa na lita 140 za maji safi, na lita 60 za maji machafu ya siku iliyotangulia, na kila lita ya maji ni kilo moja. Tulimwaga maji machafu mahali palipotengwa, tukapunguza maji safi mpaka zikabaki lita 20 za njiani. Kilo 180 zikashuka, tukabaki na 3,460. Kwa mafuta peke yake uzito huo si mkubwa kwenye barabara tambarare inayokwenda bila kusimama. Unauhisi unapoondoka, na unapopanda. Lakini breki na tairi zinaubeba muda wote, na mimi sitaki tena kusafiri na familia juu ya gari lililozidi uzito.

Tairi nazo. Ubavuni mwa mlango wa dereva kuna kibandiko kinachosema kila tairi inataka upepo kiasi gani. Nilipima kabla hazijapata moto, maana tairi ikishatembea upepo unapanda na kipimo hakisemi kweli. Ya nyuma kushoto ilikuwa PSI 52 badala ya 65. Kwa macho huioni, kwa sababu tairi za magari haya zina kuta ngumu, haibonyei. Lakini inavyozunguka inajikunja na kujinyoosha, na huko kujikunja kunageuka joto, na joto hilo limetoka kwenye tanki la mafuta.

Kazi kubwa ilikuwa juu ya paa. Tulikuwa na keria, na juu yake viti vya kukunja na masanduku mawili ya plastiki, tumeyafunika kwa turubai. Siku nzima ya kwanza turubai lilikuwa linapigapiga nasi tumezoea kelele. Tuliteremsha kila kitu tukakisukuma chini ya kitanda, halafu nikafungua boliti nane na keria yenyewe nikaivua, nikaifunga kwa ndani ubavuni. Ilitugharimu asubuhi nzima. Tulipoondoka, mke wangu akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe gari hili lina ukimya."

Siku hiyo nilikaa 90. Kilomita 355, lita 43.7. Daftarini: 12.3.

Tulilala kwa furaha. Kesho yake tukaingia kwenye mbuga pana isiyo na mti, na upepo ukatukabili usoni kuanzia saa tatu asubuhi. Nyasi zote zilikuwa zimelalia upande wetu. Upepo wa mbele ni jambo ambalo madereva wengi hatulitii hesabuni: ukienda 90 na upepo unakuja kwa 30, gari linapambana na hewa ya 120, ingawa mshale unasema 90. Nilipunguza hadi 80 mchana, lakini nilikuwa nimeshachelewa kuelewa. Jioni: kilomita 298, lita 41.1. Yaani 13.8.

Upepo ulitosha kuwa sababu, na ningeliishia hapo. Lakini niliposhuka pale kituoni nilisikia harufu kali, kama ya chuma kilichosuguliwa. Nikazunguka gari nikisogeza mgongo wa kiganja karibu na kila rimu bila kuishika. Nyuma kushoto, uvuguvugu. Nyuma kulia, uvuguvugu. Mbele kushoto, joto la kawaida la breki. Mbele kulia, mkono ulirudi wenyewe. Nikamwagia matone machache ya maji kwenye ukingo wa rimu, yakachemka yakatoweka.

Breki ilikuwa haiachii. Tulilala hapohapo, na asubuhi fundi akaja, akapandisha gari kwa jeki, akaniambia nizungushe gurudumu kwa mkono. La kushoto lilizunguka mizunguko miwili likasimama polepole. La kulia sikuweza kulizungusha nusu ya mzunguko bila kukaza mwili. Alivua kalipa, kile kishikio kinachobana padi za breki kwenye diski, akanionyesha pini mbili ambazo kalipa hutelezea juu yake. Moja ilikuwa inang'aa. Ya pili ilikuwa na kutu ya rangi ya matofali kuanzia katikati hadi mwisho, na grisi iliyobaki ilikuwa imekauka kama nta. Padi ya ndani ilikuwa imeliwa karibu yote, ya nje ilikuwa bado nene.

"Ulikuwa unaendesha huku umekanyaga breki," fundi alisema.

Maneno yale yalinikaa. Sijui ni kwa kilomita ngapi nilikuwa nachoma dizeli kupasha moto kipande cha chuma, na breki ikipata moto kiasi hicho mlimani inaweza kukuacha. Alisafisha pini, akaipaka grisi mpya inayostahimili joto, akaweka padi mpya pande zote mbili. Akakagua na mpira unaotoka kwenye tabo, akapitisha kidole kwenye maungio kutafuta mafuta yanayovuja, kwa sababu mpira ule ukipasuka hewa inapotea, gari linatoa moshi mweusi na kukosa nguvu, na dereva anazidi kukanyaga. Wetu ulikuwa mzima. Chujio la hewa alilibadilisha.

Wakati tunasubiri, mtu mmoja alitufuata akiuza sumaku ya kufunga kwenye bomba la mafuta, eti inapanga dizeli iungue vizuri. Nilikataa. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limekagua zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta na halikupata hata kimoja chenye nafuu ya maana. Na ukifikiri, inaeleweka. Injini ya dizeli inabana hewa mpaka inapata joto la kuwasha mafuta bila cheche, na ikiwa nzima, mafuta hayo karibu yote yanaungua. Ile ya Rudolf Diesel iliyopimwa Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897 iligeuza takriban asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi, na za leo zinapita hapo kwa mbali. Kinachobaki kinatoka kama joto, kupitia rejeta na eksozi. Sumaku haina pa kushika. Hela ya sumaku ni heri ununue kipimo cha upepo wa tairi.

Siku ya nne tuliondoka gari likiwa jepesi mguuni. Unaliona hasa ukiachia mafuta: zamani lilikuwa linasita, sasa linaserereka. Kilomita 340, mwendo wa 85, lita 37.1. Daftarini 10.9, na mke wangu akapigia mstari mara mbili.

Mchana wa siku hiyo tulipata barabara iliyonyooka, tambarare, magari machache, upepo umelala. Tukafanya jaribio. Kilomita 10 kwenda na 10 kurudi kwa kila mwendo, ili kamteremko au kaupepo tusikokaona kajifute. Kompyuta ya gari ikatupa 9.5 kwa mwendo wa 80, 11.0 kwa 90, na 12.9 kwa 100. Tofauti ya 80 na 100 kwa muda, katika kilomita 10, ni dakika moja na nusu. Kwa safari ya kilomita 400 ni saa nzima, na sitasema saa moja si kitu. Kuna siku mtu ana haraka ya kweli. Lakini sisi tulikuwa na kitanda nyuma. Kuanzia hapo nilikaa 85, na kila nikiona magari matatu yamepanga foleni nyuma yangu natafuta pa kupisha. Kujibana nyuma ya lori ili likukingie upepo sikujaribu na sishauri: mafuta utaokoa, lakini likifunga breki hutakuwa na nafasi.

Mlima tuliupanda siku ya tano ndani ya ukungu. Kupanda hakuna ujanja mwingi. Uzito lazima ubebwe. Nilichojifunza ni kuisikiliza injini. Ikizunguka karibu mara 2,000 kwa dakika inavuta kwa utulivu, ikishuka chini ya 1,500 inaanza kutetemeka na kuomba gia ndogo, na kuikatalia si kuokoa mafuta. Faida iko kwenye mteremko. Watu wengi hutia gia huru wakidhani wanaokoa. Kinyume chake: ukiwa ndani ya gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, injini za siku hizi hukata dizeli kabisa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukitia gia huru inabidi ichome mafuta ili isizimike, na wewe umebaki na breki peke yake. Tuliteremka kwa gia ya tatu, kompyuta ikionyesha 0.0 kona baada ya kona, nami nikigusa breki kwa vipindi vifupi. Siku nzima: kilomita 231, lita 29.8, yaani 12.9. Kwa mlima ule niliridhika.

Siku ya mwisho tuliteremka taratibu kuelekea baharini. Tulipumzika mara tatu na kila mara nilizima injini; zamani nilikuwa naiacha ikinguruma hata nusu saa, na injini kama yetu ikiwa imesimama hivyo hula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Kilomita 387, lita 40.6. Mteremko ulitusaidia, sikatai, lakini 10.5 sikuwahi kuiona kwenye gari hili.

Jumla ilikuwa kilomita 2,023 na lita 253.7. Kwa ulaji wa siku ya kwanza tungetumia lita 301. Mke wangu aliandika tofauti hiyo chini ya ukurasa, akafunga daftari, akaenda kutafuta viti chini ya kitanda. Mimi nilizunguka gari kabla ya jua kuzama, nikisogeza mgongo wa kiganja kwenye rimu moja baada ya nyingine. Mbele kulia nikakaa kidogo zaidi. Gurudumu lile lilikuwa na joto lilelile la mwenzake wa kushoto.