Zamu Yetu ya Krismasi Mkunazini

Disemba ya mwaka 2009 Unguja nzima ililala gizani. Umeme unaotujia kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari ulikatika, ukakaa miezi mitatu haujarudi. Na umeme ukikosekana, maji nayo hayapandi bombani. Watu walikesha visimani, madumu yamepangwa foleni, mengi kuliko watu wenyewe.

Jumapili ya mwisho ya Majilio, majuma ya kuingojea Krismasi, Baba akarudi kanisani na kutwambia kuwa amechukua zamu ya usafi wa Kanisa Kuu la Mkunazini, lile la Kianglikana la Mji Mkongwe, kwa ajili ya Krismasi. Hakuichukua kwa jina lake peke yake, alituandikisha sote: yeye, Mama, Bibi, kaka yangu na mimi.

Kaka akasema, "Baba, hapa nyumbani kwenyewe maji ya kuogea tunagawana kwa kopo."

"Ndiyo maana nimeichukua," Baba akajibu. "Kila mtu mwaka huu anayo hiyo sababu ya kukataa."

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Mimi nilikuwa nimeshapata kipaimara, maswali ya padre niliyajibu yote bila kusita, lakini imani yangu ilikuwa ya kurithi kama jina la ukoo. Darasani kwetu nilikuwa Mkristo peke yangu, na wenzangu wakiniuliza kwa nini nasali Jumapili nilijibu tu kwamba ndivyo tulivyo kwetu.

Mkesha wa Krismasi ulikuwa Alhamisi. Baba aliazima rikwama, tukapakia madumu na kwenda kwenye kisima cha bibi mmoja wa mtaani, Muislamu, mtu mzima anayeheshimiwa na wote. Foleni ilikuwa ndefu, maana kesho yake Ijumaa na kila nyumba ilitaka maji ya kuoga na kutilia udhu. Baba akamwamkia, akamweleza maji ni ya nini. Yule bibi akawageukia waliotangulia: "Wapisheni hao. Wanakwenda kuosha nyumba ya Mungu." Hakuna aliyenung'unika. Vijana wawili wakatusaidia kuvuta kamba mpaka madumu yakajaa.

Kanisani Bibi alikaa uani kwenye kivuli na pasi ya makaa, vitambaa vya altare vikiwa vimekunjwa kwenye beseni pembeni yake. Mama alimpepelea makaa. Bibi aliipitisha pasi kwanza kwenye jani la mgomba ili iteleze, kisha akaijaribu kwenye kanga kuukuu, akaangalia kama imeacha alama, ndipo akagusa kitambaa cheupe. Kila mara alipogeuza upande aliinua pasi juu na kuipeleka mbali, cheche isidondoke. Joto la kaskazi lilikuwa linatuunguza, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni, na yeye akilifuta kwa mkono wa kushoto asije akatia tone kwenye kazi yake. Midomo ilikuwa inatembea. Mama akaninong'oneza, "Anasali. Kila kitambaa na sala yake."

Sisi watatu tulikuwa ndani na ndoo na brashi. Mbele ya altare pana duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Watoto wa Mkunazini tunaoneshwa tangu wadogo: hapo, tunaambiwa, ndipo watumwa walipofungwa na kuchapwa, kwa kuwa kanisa limesimama palipokuwa na soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi. Nilikuwa nimekwisha kuyasikia haya wageni wakielezwa, mara nyingi mno, hata yalikuwa hayanigusi tena.

Baba akavua viatu, akapiga magoti pembeni ya duara. Akatuashiria tufanye vivyo hivyo. Tukasugua kimya, mikono yetu sote ikizunguka pamoja, maji ya sabuni yakigeuka kijivu. Tulipokausha kwa kitambaa Baba hakuinuka. Akaanza kutaja majina ya wazee wetu wa Mbweni, ukoo wa Bibi, watu waliokombolewa majahazini na kupewa makao na misheni. Alitaja wote anaowajua, mmoja baada ya mmoja. Kisha akasema, "Raha ya milele uwape, ee Bwana."

"Na mwanga wa milele uwaangazie," tukaitikia.

Sala hiyo nilikuwa nikiitikia tangu sijajua kusoma. Siku ile niliitikia nikiwajua ninaowaombea, magoti yangu yakiwa yamelowa maji ya sakafu ile. Nimefundishwa vizuri na mapadre na nawashukuru, lakini kwangu Kristo aliyezaliwa kwa ajili ya walionyongeshwa aliacha kuwa somo pale, bega langu likigusana na la baba yangu. Nasikitika kuona nyumba nyingi za Kikristo leo mtoto anapelekwa Shule ya Jumapili na kuachwa mlangoni, mzazi anamwona tena chakula cha mchana.

Misa ya usiku tulisali kwa mishumaa, tukaimba bila kinanda. Kaka alishika mshumaa karibu na altare. Vitambaa vya Bibi havikuwa na mkunjo hata mmoja.

Nyumbani, usiku uliofuata, kaka akamsogelea Bibi penye kandili na kumtaka amsimulie majina yale, nani alitoka wapi, nani alizaa nani. Bibi akasimulia mpaka mafuta yakakaribia kwisha. Jumamosi ya kwanza ya Januari tukapanda daladala sote watano, na majembe na panga moja, tukaenda kufyeka majani kwenye makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Yohana, Mbweni. Kaka ndiye aliyeomba twende.