Bangkok: baht 220 kila nilipochomeka kadi

Anayekwambia "usitembee na hela nyingi, toa kidogo kidogo" hajawahi kutoa hela Thailand. Ushauri huo nilipewa na watu watatu pale Kariakoo kabla ya safari yangu ya kwanza ya kufuata nguo Pratunam, eneo la masoko ya nguo Bangkok, nikaushika kama dawa. Siku mbili za mwanzo nikatoa kwenye ATM baht 2,000 (baht ndiyo hela ya kule) mara tatu. Kila mara mashine ilikata baht 220, makato yale yale ambayo ingekata kama ningetoa 20,000. Jumla baht 660, hela ya wali na kuku wa barabarani kwa siku nne, imekwenda kabla sijanunua hata blauzi moja. Na hapo benki yangu ya nyumbani bado haijachukua chake.

Mara ya kwanza kabisa niliumia zaidi. Baada ya namba ya siri, kioo kilinionyesha kiasi kwa shilingi za Tanzania, kimeshapigiwa hesabu, na vitufe viwili: kubali au kataa. Nilifurahi kuona shilingi yetu ugenini, nikakubali. Jioni yake nikakataa, roho juu, nikidhani mashine itanirudishia kadi mikono mitupu. Haikufanya hivyo! Noti zilitoka kama kawaida, na benki yangu ndiyo ikabadilisha yenyewe. Nilipolinganisha meseji mbili za benki, baht 2,000 zile zile zilikuwa zimepishana karibu shilingi elfu kumi. Kataeni hiyo hesabu ya shilingi, ndugu zangu. Kukataa hakufuti muamala.

Siku ya tatu ndipo nilipopata akili ninayojivunia mpaka leo. Hotelini tulikuwa wafanyabiashara watatu kutoka Dar, kila mmoja anahitaji kama baht 6,000. Nikawaambia, "Dada zangu, kwa nini tukatwe mara tatu?" Kadi yangu ndiyo iliyokuwa imeongezewa kikomo cha siku, nilishaomba benki kabla ya kusafiri. Nikatoa 18,000 kwa mkupuo. Tukakaa kitandani tukagawana, kila mmoja akabeba baht 73 na ushee za makato. Wao walinilipa kwa simu tuliporudi, hata wiki haikuisha. Fanya hivyo na watu unaowaamini tu.

Safari zilizofuata nabeba dola kwenye mfuko nilioshonea ndani ya sketi, kadi inabaki ya dharura. Uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, unaposhukia Bangkok, usibadilishe pale unapotokea na mabegi. Shuka mpaka chini kabisa, ghorofa ya B, treni ya mjini inapoanzia. Vibanda vya pale vinatoa bei nzuri kuliko vya juu, na pasipoti wanaitaka. Halafu treni hiyo hiyo inakushusha kituo cha Ratchaprarop, unatembea hadi Pratunam.

Beba noti za dola 100, maana ndogo ndogo zinapewa bei ya chini. Na zikague moja moja ukiwa bado Dar. Mimi yangu moja ilikuwa na mstari wa kalamu pembeni, mfupi kuliko kucha. Binti wa kibandani akaigeuza kwenye mwanga, akaisukuma kurudi kwangu chini ya kioo bila kusema neno. Nikarudi nayo nyumbani.