Mpishi ni mpishi, mpaka uombe viza

Kwetu Pwani anayepika hotelini ni mpishi, awe anakaanga mayai au anasimamia jiko zima. Uingereza wana namba mbili: 5434 ni shefu, 5435 ni mpishi wa kawaida. Nilipopata kazi huko mwaka 2023, namba ya kwanza ilikubalika kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Ya pili, hata ulipwe vipi, hupiti.

Mshahara haukunisumbua, ulivuka pauni 26,200 zilizotakiwa wakati ule. Taabu ilikuwa barua ya hoteli niliyotoka, Diani: "cook", mstari mmoja, mhuri, basi. Mwajiri mpya ndiye anayejaza namba kwenye cheti cha udhamini, lakini afisa wa viza akitilia shaka, kazi unayoifanya ndiyo inayoangaliwa, si cheo.

Nikamrudia bosi wangu wa zamani.

"Mzee, sitaki cheo cha uongo. Niandikie nilichokuwa nafanya."

"Kwani ulikuwa hupiki?"

Nikamtolea daftari langu la oda, kurasa zimegandana kwa tui na bizari. Nguru kilo 12, pweza kilo 8 kutoka kwa wavuvi wa Gazi. Chini yake menyu ya wiki, zamu za vijana wanne, na zamu ya nani kusafisha friji. Alifunua kurasa kama tano, akacheka, akamwita karani. Barua mpya ikataja kuagiza na kukagua vyakula, kupanga menyu, kufundisha vijana na kusimamia usafi, yaani yaleyale yaliyoelezwa chini ya 5434. Nikaiambatanisha na hati za mshahara na picha za daftari, madoa na yote.

Rasimu ya maelezo ya kazi kutoka kwa mwajiri nayo niliisoma neno kwa neno. Nikakuta "kusaidia jikoni". Kasentensi ka kujazia nafasi tu, lakini kangeniponza, nikaomba kaondolewe.

Mtihani wa Kiingereza na kipimo cha kifua kikuu vilikwenda bila matata, viza ikatoka.

Wanaoniuliza sasa nawaambia mapema: tangu tarehe 22 Julai 2025 kiwango kimepandishwa hadi kazi za ngazi ya shahada, na shefu mpya kutoka nje hachukuliwi tena kwa njia hii. Binamu yangu alikuwa ameshaanza kukusanya barua zake. Sasa anatafuta kazi Doha.