Siku moja maishani mwangu: fundi wa Wi-Fi za majumbani

Saa 1 asubuhi. Hata viatu sijavaa, simu inaita. "Fundi, intaneti inajikokota wiki nzima. Nimebadilisha hadi ruta, lakini wapi!" Namwahidi mama huyo kufika mchana.

Saa 3. Mteja wa kwanza ni mzee mmoja mwenye kujiamini. "Marahaba mwanangu. Mimi nimeshaficha jina la mtandao, hakuna anayeuona." Namgeuzia laptopu. Jina lake hilo hapo kwenye skrini, na aliyelitaja ni simu yake mwenyewe ilipokuwa inajiunga. Ile orodha ya vifaa vilivyoruhusiwa aliyojaza kwa mkono nayo ni bure tu: anwani za vifaa hupita hewani bila kufichwa, na yeyote huweza kuiga mojawapo. Mzee akakuna kidevu.

Saa 4 na nusu, bado niko kwake, maana nimekuta WPS, njia ya mkato ya kuunganisha vifaa bila kuandika nywila, imewashwa. Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Nyuma ya ruta kuna namba ya siri ya tarakimu 8, nawe unadhani mtu atahangaika na mamilioni ya majaribio. Desemba 2011 ikawekwa wazi kwamba ruta huikagua namba hiyo vipande viwili. Tarakimu 4 za kwanza zikikosewa, ruta yenyewe inakuambia. Ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile 7 zilizotangulia, kwa hiyo kipande cha pili kina 3 tu za kubahatisha. Namwandikia mzee kwenye karatasi: 10,000 jumlisha 1,000. Majaribio 11,000 basi! Kwenye ruta isiyojifunga ikikosewa mara nyingi, ni kazi ya saa chache. Naizima, kisha nahakikisha kwa laptopu, kwani baadhi ya ruta za zamani huzimwa kwenye menyu na bado zinaitika.

Saa 8 mchana, kwa yule mama. Nywila yake ni jina la mwanawe na mwaka aliozaliwa. Anadhani mwizi atakaa nje ya ukuta akibahatisha hadi achoke. Namweleza kwamba mwizi hunasa tu salamu ambazo simu na ruta hupeana hewani zinapounganishwa. Simu isipojiunga upya, huikatisha kwa ujumbe wa uongo. Kisha huenda zake, akabahatishe kwa kompyuta usiku kucha, ruta isijue lolote. WPA2, yaani ulinzi wa Wi-Fi wa ruta yake, inakubali nywila ya herufi 8, lakini mimi namwekea maneno matano yasiyohusiana.

"Yote hayo nitayakumbukaje?"

"Andika, ubandike ndani ya kabati. Mwizi wa hewani haoni kabatini."

Vifaa vilikuwa 12, yeye anavijua 7. Tulipobadilisha nywila vyote vikadondoka, kisha akaanza kurudisha vyake kimoja kimoja. Kimoja cha "wezi" kikawa televisheni ya chumbani kwake. Vinne havikurudi, na kasi ikarudi.

Saa 11 jioni, kwa mteja mwingine. Ruta mpya, ina WPA3 ya mwaka 2018, mrithi wa WPA2, ila printa kuukuu haiijui, imegoma kuunganishwa. Naihamishia mtandao wa wageni, niliouacha kwenye WPA2, pamoja na kamera.

Saa 2 usiku, nyumbani. Mganga hajigangi: nafungua ruta yangu, nakuta sasisho linanisubiri tangu sijui lini. Nabonyeza, ruta inajizima ili iwake upya.

"Babaaa! Intaneti imekata!"