Bilauri Nne Zisizo na Majina

Jumamosi iliyopita tulikaa watu wanne sebuleni kwangu, hapa Milimani, Nakuru, mvua ikinyesha tangu alasiri, tukaonja wiski nne za Uskoti bila yeyote kujua ipi ni ipi. Mke wangu, ambaye hanywi pombe, alimimina kila moja jikoni, akabandika kipande cha karatasi chenye namba chini ya kila bilauri, kisha akaifunga siri hiyo katika daftari lake. Tulikuwa mimi, shemeji yangu kutoka Kericho, jirani yetu ambaye ni mwalimu mstaafu, na rafiki anayelima shayiri huko Mau Narok.

Kulikuwa na jambo moja nililotaka kulipima. Katika hafla zetu chupa huheshimiwa kwa namba iliyoandikwa juu yake: ya miaka 12 hutolewa kwa marafiki, ya miaka 18 hufichwa kabatini ikingoja wakwe. Mimi nimekuja kuamini kwamba namba hiyo hueleza machache mno, na kwamba anayetaka kuijua wiski anapaswa kuuliza kwanza ilikaa katika pipa la namna gani, na kimea chake kilikaushwa kwa moto wa nini.

Neno kimea, yaani nafaka iliyochipuzwa, si geni kwetu watu wa Magharibi mwa Kenya. Nyanya yangu kule Vihiga aliloweka wimbi, akalifunika kwa majani ya migomba ndani ya gunia hadi likachipua, kisha akalianika juani na kulisaga ili litumike katika busaa, pombe yetu ya nafaka. Nafaka inapochipua hutengeneza vimeng'enya ambavyo hugeuza wanga kuwa sukari, na bila sukari hiyo hamira haina chakula wala pombe haipatikani. Waskoti hufanya kazi iyo hiyo kwa shayiri, ila wao hukausha kimea kwa moto, na baada ya uchachu hupitisha kinywaji katika mitungi mikubwa ya shaba, kwa kawaida mara mbili, kabla ya kukitia mapipani. Wiski zetu zote nne zilikuwa za kimea kimoja (single malt), na umoja unaotajwa katika jina hilo ni umoja wa kiwanda. Yote yaliyomo katika chupa yametoka mahali pamoja, kwa kimea cha shayiri tupu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2009 inaagiza pia kwamba ikae Uskoti kwenyewe kwa muda usiopungua miaka 3, katika mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, na itiwe chupani ikiwa na kileo kisichopungua asilimia 40. Ama ile namba ya umri, hiyo ni ya wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Chupa ya miaka 12 huweza kuwa na sehemu iliyokaa miaka 20, na mnunuzi hataambiwa.

Kinachotoka mtungini ni cheupe kama maji ya mvua. Karibu kila kitu tunachokisifia baadaye, yaani rangi, utamu, harufu ya vanila na ya viungo, hutokana na pipa, na mapipa hayo huwa yamekwisha kutumika kwingine. Sheria ya Marekani inataka burboni, wiski ya huko, ikomazwe katika mwaloni mpya uliounguzwa ndani, hivyo watengenezaji wa huko hulitumia pipa mara moja tu kwa burboni, kisha huliuza, na mengi huvuka bahari kwenda Uskoti. Pipa la burboni huipa wiski utamu wa asali, vanila na nazi. Pipa lililokaa divai ya sheri, ile ya Jerez nchini Hispania, huleta zabibu kavu, mdalasini na wekundu wa kahawia. Rangi peke yake, hata hivyo, isimdanganye mtu, kwa kuwa sheria inaruhusu kuongezwa rangi ya sukari iliyounguzwa.

Sasa nirudi kwenye bilauri zetu. Ya kwanza ilikuwa nyepesi na safi, yenye harufu ya tunda la pea na tofaa bichi, na ilipita kooni upesi. Ya pili ilikuwa na mwili mnene zaidi. Mwalimu aliinusa kwa muda mrefu, akafumba macho, akasema, "Hii ni sukari guru inayotokota." Nilifurahi sana kusikia maneno hayo, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta kwa miezi mingi. Maelezo ya ladha yanayoandikwa kwenye maboksi hutaja maua ya nyika za Uskoti na keki za Krismasi za huko, vitu ambavyo ulimi wangu haukulelewa navyo, ilhali aliyewahi kusimama kando ya karai la sukari guru pale Kakamega, mvuke mzito ukimpiga usoni, anaijua harufu ile bila kufundishwa na mtu.

Daftari lilipofunguliwa, ya kwanza ilikuwa Glenfiddich ya miaka 12 na ya pili Balvenie DoubleWood, nayo ya miaka 12. Hizo ni jirani kabisa. Viwanda vyote viwili viko Dufftown, katika eneo la Speyside, na vyote vilianzishwa na William Grant: Glenfiddich ilitoa wiski yake ya kwanza siku ya Krismasi mwaka 1887, na ujenzi wa Balvenie ukaanza mwaka 1892 papo hapo kando yake. Umri ni mmoja, nguvu ni ile ile ya asilimia 40, hata familia inayozimiliki ni moja, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyezifananisha. Balvenie hiyo hukaa kwanza katika mapipa yaliyotumika kwa burboni na mengine ya mwaloni uliokwisha kutumika, kisha huhamishiwa katika mapipa ya sheri kwa miezi 9, na nadhani pale ndipo sukari guru ya mwalimu ilipozaliwa.

Bilauri ya tatu ndiyo iliyotugawanya. Mkulima wa Mau Narok aliisogeza mbali mara moja, akasema inanuka jiko. Shemeji yangu aliinusa, akacheka kwa furaha, akasema, "Shemeji, hiki ni kibuyu cha mama." Alikuwa na maana ya kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya mgando, ambacho kwao husuguliwa ndani kwa kijiti cha msenetwet kinachowaka kabla ya maziwa kutiwa, ili mkaa wake uyape maziwa harufu na rangi. Wiski ile ilikuwa Talisker ya miaka 10, kutoka kisiwa cha Skye, ambako kiwanda chake kimekuwapo tangu mwaka 1830. Moshi wake hutokana na mboji, yaani mimea iliyooza na kushindiliwa katika vinamasi kwa maelfu ya miaka, ambayo huchimbwa kwa mapande kama matofali, hukaushwa, kisha huchomwa chini ya kimea kibichi. Juu ya moshi huo mna chumvi kidogo na pilipili manga inayowasha ulimi mwishoni, tena huwasha kweli, kwa kuwa kileo chake ni asilimia 45.8. Wanaoipenda njia hiyo wakitaka kwenda mbali zaidi huvuka hadi kisiwa cha Islay, kwenye Laphroaig na Ardbeg, zilizoanza mwaka 1815, na Lagavulin ya mwaka 1816. Laphroaig kwangu ni dawa ya kidonda iliyomwagika kando ya samaki wa kubanikwa, na ninaipenda kwa moyo wote.

Tukaongeza maji. Nilitumia kijiko cha chai, matone machache kwa kila bilauri, maji yaliyochemshwa na kupozwa, maana ya mfereji yana ladha yake. Katika Talisker niliona nyuzi nyembamba zikijisokota pale matone yalipoingia, mithili ya mafuta ndani ya maji ya moto, na sekunde chache baadaye moshi ukapanda puani kuliko mwanzo. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Uswidi walilieleza jambo hilo mwaka 2017 kwa hesabu za kompyuta: kemikali iitwayo gwayakoli, ambayo ni sehemu ya harufu ya moshi, hupenda kukaa pamoja na kileo, na kileo kikizimuliwa hukusanyika karibu na uso wa kinywaji na kuileta juu pamoja nacho. Mkulima aliionja tena baada ya maji, akakiri kwamba sasa angeweza kuimaliza.

Kabla sijaieleza ya nne, niseme kwa uchungu kwamba ulinganisho huu ungefanyika Machi kama nisingeuziwa chupa bandia katika duka moja la mjini. Kifuniko kilikuwa kimekaa sawa na lebo ilikuwa safi, lakini nilipoikagua stempu ya ushuru kwa simu ilionyesha kinywaji kingine kabisa, na ladha ilikuwa ya kileo kikali na sukari tu. Tangu siku hiyo sitoi pesa kabla ya kuikagua stempu palepale kaunta, hata muuzaji akinuna.

Ya nne ilikuwa Glenfiddich ya miaka 18. Niliwaomba wote wataje iliyo kongwe kabla daftari halijafunguliwa. Mwalimu na mkulima walichagua Balvenie, shemeji akachagua Talisker, iliyokuwa changa kuliko zote, nami nikachagua Balvenie vilevile, ingawa ndimi niliyezinunua zote. Sikusudii kuidunisha ile ya miaka 18. Ni laini, ina tofaa lililookwa na mdalasini, na ladha yake hukawia kooni kuliko ya ndugu yake ya miaka 12. Lakini utulivu wake ulifunikwa na pipa la sheri upande mmoja na moshi upande wa pili, na hakuna aliyeona kwamba miaka 6 ya ziada ilikuwa ikimwita.

Sikuziosha bilauri usiku ule. Asubuhi, kabla ya chai, nilizinusa moja baada ya nyingine zikiwa zimekauka. Ya Glenfiddich changa ilikuwa karibu tupu. Ya miaka 18 ilibakiza ubao mkavu na asali kwa mbali. Ya Balvenie ilinuka nta ya nyuki, na ile ya Talisker ilikuwa majivu ya meko ya nyanya yangu, asubuhi ya mapema, kabla hajayachokonoa kutafuta kaa lililobaki na moto.