Abjadi, jimu na dali

Wete, Jumamosi usiku.

Mpwa wangu kakutana na neno "abjadi" kwenye kamusi: herufi za lugha kwa mpango wake. Hakuridhika. Chuoni (madrasa) wanasoma herufi za Kiarabu alifu, bee, tee, thee, sasa katika hiyo a-b-j-d, jimu na dali zimefikaje huko mbele?

Nikamwambia huo ndio mpango wa kale, alifu, bee, jimu, dali, waliokuwa nao Wafoinike wa pwani ya Shamu. Wagiriki wakauchukua wakasema alfa, beta, gama, delta. Kwa hiyo alfabeti na abjadi zimetoka tumbo moja. Waarabu baadaye wakazipanga herufi kwa sura, bee, tee na thee zikakaa pamoja kwa kuwa zinatofautiana nukta tu.

Mpango wa zamani ukabaki kwenye hesabu. Alifu 1, bee 2, jimu 3, dali 4, mpaka ghaini 1000. Ile 786 inayoandikwa badala ya Bismillahi Rahmani Rahimu ni jumla ya herufi zake zote. Na hapa Pemba, nani hajasikia mtu kenda kutazamiwa nyota? Hutakiwa jina lako na la mama yako (la baba haliulizwi, na sababu wazee wanaijua). Ali: aini 70, lamu 30, yee 10, jumla 110. Mama Mariamu ni 290. Zote 400. Nyota ni 12, basi toa 12, toa 12, mwisho inabaki 4: nyota ya nne, Saratani (Kaa). Utabiri wenyewe siuamini hata chembe, ila hesabu yake tamu.

Mwaka 1990 mwanaisimu Peter T. Daniels alilipa neno maana nyingine: maandishi ya konsonanti peke yake. Kiarabu kinastahamili. Kiswahili ukikivua irabu, kaka, kuku na kiko zote ni kafu (k) mbili, basi. Ndiyo maana wazee wetu, walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, walizitia irabu barua zao. Hata hivyo alama ya dhumma ni moja, ya "u" na ya "o", na alama ya kisra vilevile kwa "i" na "e". Mtoto akiandika kwa mtindo huo kwamba alichelewa kwa sababu alikuwa chuoni, mwalimu ana haki ya kusoma chooni.