Nilidhani pedi mbovu, kumbe tivii

Nilinunua PlayStation 4 (PS), mashine ya kuchezea gemu, ya mtumba, ile ya toleo la kwanza, nene, na kwa miezi kadhaa niliicheza kwenye tivii kuukuu ya inchi 32 bila malalamiko. Balaa lilianza siku nilipoingiza sebuleni tivii ya inchi 50 ya 4K. Picha kubwa, rangi zinawaka kama kanga mpya, lakini mpira hauchezeki. Nabonyeza pasi, mchezaji anajishauri kwanza ndipo apige. Mdogo wangu akanifunga matano. Nikamwambia pedi yangu, kile kidude cha mkononi chenye vitufe, imekufa, tukabadilishana, akanifunga manne mengine.

"Kaka, kubali tu," akasema.

Nilikuwa nishaifunga ile pedi kwenye mfuko niipeleke kwa fundi Kariakoo. Kabla sijatoka nikaona nipime kwanza. Simu yangu inarekodi video ya mwendo wa pole, fremu 240 kwa sekunde, yaani picha tuli 240. Nikaiegemeza kwenye stuli, kidole changu na kioo cha tivii vyote vionekane, nikabonyeza kitufe cha shuti mara kumi. Kisha nikakaa nahesabu fremu mojamoja: tangu kidole kizamishe kitufe hadi mguu wa mchezaji utikisike zilipita kama 40. Fremu moja ni milisekunde 4 na kitu, kwa hiyo kila nilichofanya nilikiona kimechelewa milisekunde 160 na ushei. Nikarudisha ile tivii kuukuu: fremu 20. Pedi ileile, mashine ileile.

Tivii hizi mpya haziirushi picha kama zilivyoipokea. Zinaishika, zinaifuta chengachenga, zinaikoleza, na kibaya zaidi zinabuni fremu za katikati ili mwendo uonekane laini. Na huwezi kubuni fremu ya katikati kabla fremu inayofuata haijafika. Kusubiri huko ndiko kulikokuwa kunanila. Kwenye filamu hakuna anayegundua, maana sauti nayo inacheleweshwa ilingane na picha. Kwenye gemu ya fremu 60 kwa sekunde, ambapo fremu nzima ni milisekunde 17, ni msiba.

Dawa ilikuwa ndani ya rimoti muda wote: kwenye mipangilio ya picha, pameandikwa Game Mode, hali ya gemu inayozima sehemu kubwa ya mapambo hayo. Niliiwasha kwenye tundu la HDMI la PS peke yake, zile fremu 40 zikashuka hadi 19. Rangi zikapoa, na nakiri siku mbili za mwanzo nilinung'unika. Halafu nikazoea, nikaona kwamba nyasi za uwanja hazikupaswa kung'aa vile hata kidogo.

Kingo nazo zilinisumbua. Dakika na matokeo, kona ya juu kushoto, vilikuwa vimekatwa nusu. Nikakosea: nikaingia kwenye PS nikalipunguza eneo la picha mpaka kila kitu kikaonekana. Kikaonekana, ndiyo, lakini kwa ukungu, kwa sababu PS inaibana picha kisha tivii inaivuta tena. Nilichotakiwa ni kurudisha PS kwenye ukubwa kamili na kuiambia tivii iache kukuza, kule kwenye ukubwa wa picha. Maandishi madogo yakasomeka nikiwa nimekaa kochini.

Watu walinishauri niweke SSD, ile diski ya kasi ya kuhifadhia gemu. Niliweka. Gemu zinafunguka haraka, fremu hazikuongezeka hata moja.

Kilichoisaidia mashine yenyewe ni kuivua kitambaa cha Mama. Mama ana vitambaa vyake vya kufuma, na hakuna kifaa sebuleni kisichovishwa. PS ilikaa ndani ya kabati la tivii, imebanwa ukutani, imefunikwa kitambaa cheupe chenye maua. Baada ya nusu saa feni ilivuma kama mashine ya kusaga, na gemu nzito zikaanza kwikwi. Nilimweleza kwamba inapumulia nyuma.

"Na vumbi je, mwanangu?"

Hoja ya haki. Fundi alipoifungua ndani palikuwa na blanketi zima la vumbi. Alilipuliza huku ameizuia feni kwa kijiti isizunguke, akabadilisha na ile dawa ya joto iliyokuwa imekauka juu ya prosesa. Sasa mashine inakaa juu ya kabati, nafasi ya kiganja pande zote, na kitambaa huvishwa ikiwa imezimwa tu na imepoa. Ndivyo tulivyokubaliana.

Kwa mechi za mtandaoni niliburuta waya kutoka kwenye ruta, maana PS4 ya kwanza inashika Wi-Fi ya GHz 2.4 tu, na mtaani kwetu masafa hayo yamejaa kama daladala ya jioni.

Jumamosi nikamwita dogo tumalizane. Alinifunga 3–1. Akageuka akanitazama, anasubiri nitaje pedi.